Msibani wanakuja wote, kwenye mtaro tunabaki saba. Tunakosea wapi?

Seremala_Pasua

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni fundi seremala, naishi Pasua hapa Moshi, na tangu mwaka jana nimebebeshwa ukatibu wa kamati ya majirani. Nasema nimebebeshwa kwa sababu walinichagua siku ambayo sikuhudhuria.

Nieleweke, sizungumzii serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake walichaguliwa Novemba 27, 2024, wana ofisi na muhuri wao. Sisi ni watu saba wa kujitolea, hatuna posho, na tunahangaika na vitu vidogo ambavyo ofisi haivifikii: mtaro, taa ya kona, bibi anayeishi peke yake, kelele za muziki usiku.

Kinachonishangaza ni hiki. Tuna kikundi cha kufa na kuzikana cha miaka mingi. Msiba ukitokea, hata nusu saa haiishi turubai liko juu, viti vimepangwa, masufuria yametoka stoo, na mtu ameshatoa mchango kabla hajaombwa. Mwili ukipelekwa Rombo au Usangi, Costa inajaa. Sasa niwaite watu hao hao Jumamosi ya mwisho wa mwezi tuzibue mtaro: wanakuja wajumbe wenzangu, pamoja na watoto wawili waliofuata toroli.

Na mtaro wenyewe si wa urembo. Pasua tuko chini, maji ya masika yanateremka kwetu kutoka juu ya mji. Aprili iliyopita yaliingia mpaka kwenye banda langu, mbao za kitanda cha mteja zikapinda, na hela yake ya kianzio nilishakula.

Tumejaribu grupu la WhatsApp, limegeuka soko la vitunguu na video za mahubiri. Tumejaribu mchango wa elfu mbili kwa mwezi: mwezi wa kwanza walitoa kumi na mmoja, wa pili wanne, wa tatu mimi na mweka hazina. Tukasema basi tufanye sherehe ya majirani, tukaipanga Desemba 26. Mnacheka? Mimi ni mtu wa Kondoa, sikuwaza. Desemba 26 nani anabaki mjini Moshi? Watu wako Kibosho, Marangu na Machame kwa wazee wao. Pilau tulikula na mlinzi.

Naombeni ushauri wa mtu aliyewahi kufanya, si wa mtu aliyewahi kusikia.

Mangi_wa_Njoro

Weka faini, mkuu. Kule mlimani msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, haukuwa ombi. Mifongo, ile mifereji inayoshusha maji vihambani, ilichimbwa na kusafishwa hivyo hivyo: siku ikitangazwa kila nyumba inatoa mtu, usipotoa unatozwa, ukizidi kukaidi unanyimwa zamu yako ya maji. Nyie mnabembeleza watu wazima.

Seremala_Pasua

Mangi, nakuelewa, ila nimnyime nini huyu wa kwangu? Wa mfongo alikuwa anayataka maji. Huyu wa mtaro anataka yasifike kabisa! Na faini nitaitoza kwa mamlaka gani? Nikimkamata mtu kuku wake nitalala polisi.

MwalimuMstaafu_Sombetini

Mwanangu, mimi niko Arusha, nimekaa kwenye kamati kama yako miaka tisa, na mitatu ya mwanzo tuliipoteza kwa makosa yako haya haya.

Nianze na msiba, maana jibu umelitaja mwenyewe ukalipita. Msibani hakuna anayeambiwa “njooni wote tusaidiane.” Fulani anajua yeye ni maji, fulani kuni, fulani daftari la rambirambi, kijana fulani ni wa kwenda kumwita padri au shehe. Ukimwondoa mmoja pengo linaonekana. Wewe ukitangaza usafi unawaita “wakazi wote”, na hao wakazi wote hawana mlango wa kugonga. Tena msibani, kabla watu hawajatawanyika, mtu anasimama anasoma: kimeingia hiki, kimetoka hiki, kimebaki hiki. Elfu mbili zako za kila mwezi zilisomwa wapi? Watu si wachoyo. Hawajui tu hela ilikwenda wapi. Sisi tuliacha mchango wa mwezi kabisa. Tukitaka koleo tatu tunachangia koleo tatu, tunaziona, tunazihesabu, basi.

La pili, nijibu kwa kweli: kwenye mtaa wako nani anaishi? Sikuulizi nani anamiliki. Kamati yetu ya kwanza ilikuwa ya wenye nyumba watupu. Barua zetu zilianza “Kwa mwenye nyumba”, na mwenye nyumba mwenyewe yuko Dar! Wapangaji ndio waliokuwa wanalala pale, na hatukujua hata mmoja anaitwaje. Kwenye turubai la msiba hakuna anayemuuliza mtu kama amepanga.

Basi tukanunua daftari. Wawili wawili, mlango kwa mlango, na tulikubaliana neno hela lisitamkwe. Tuliuliza mambo manne tu: unaitwaje, unafanya kazi gani, saa ngapi unakuwepo, ukiugua nimpigie nani. Ilituchukua wiki sita kwa sababu kila nyumba wanakukaribisha chai, na chai ya watu huikatai. Tukagundua tuna muuguzi mageti mawili kutoka kwangu. Miaka yote hiyo mtu akizidiwa usiku tulikuwa tunakimbizana kutafuta bodaboda, na muuguzi amelala ukuta wa pili.

Na saa. Jumamosi asubuhi muuza mitumba yuko sokoni, mama lishe yuko jikoni, fundi yuko saiti. Sisi tulihamia Jumapili saa kumi jioni. Hilo peke yake lilituongezea watu kuliko barua zote tulizowahi kuandika.

Mwisho nikuonye: nenda kwa mwenyekiti wa mtaa kabla hajasikia kwa watu. Asipoambiwa atadhani unajiandaa kumng'oa uchaguzi ujao, na kuanzia hapo kila utakalofanya litakuwa kampeni. Kadi za vyama ziachwe nyumbani.

Nimepanga_Soweto

Shikamoo mwalimu. Umesema kweli tupu. Mimi nimepanga Soweto ya Moshi mwaka wa sita. Nimechangia misiba minne, kikao sijawahi kuitwa hata kimoja. Anakwenda mwenye nyumba, akirudi hasemi neno. Halafu siku moja nagongewa nikazibue mtaro uliozibwa na mchanga wa mjumbe wa kamati mwenyewe anayejenga. Nikaendelea kufua.

Mangi_wa_Njoro

Hahaha, huyo wa mchanga ndiye wa faini.

Seremala_Pasua

Shikamoo mwalimu, asante sana. Nimekaa kimya siku tano, nilikuwa natembea.

Nimeanzia uani kwangu ili nisiende mbali kutafuta aibu. Nina wapangaji wanne. Mmoja yuko chumba cha nyuma mwaka wa pili, nilikuwa najua tu kwamba anatoka alfajiri. Kumbe ni fundi ujenzi, amefanya sana kazi za barabara. Nikamweleza habari za mtaro, akaniomba tochi. Tumeenda wote usiku ule ule, akainama, akaingiza ufito, akacheka. Anasema kalavati ya pale kona iliwekwa juu kuliko sakafu ya mtaro, kwa hiyo maji lazima yajae ndipo yavuke, na tope linabaki upande wetu. Tungezibua mpaka Yesu arudi.

Kesho jioni mimi na yeye tunakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, amesema atabeba pima maji yake ampimie pale pale. Kushusha kalavati ni kazi ya manispaa, hiyo siiwezi, lakini angalau nitapeleka hoja yenye vipimo. Jumapili saa kumi tunaanza daftari, yeye na mimi, upande wa kushoto wa barabara.

Swali dogo mwalimu: daftari lenu lilikuwa la kurasa ngapi?

MwalimuMstaafu_Sombetini

Marahaba. La kurasa 96, linatosha. Na uandike kwa penseli, watu wanahama.