Tupeane uzoefu: uliambiwa vitamini D iko chini, ukachagua ipi?

Kiti Kirefu
Wakuu, nimepokea majibu ya damu, vitamini D yangu ni 9. Daktari kaandika "aanze D3", basi, akaita mgonjwa mwingine. Nimekwenda duka la dawa nikashika chupa sita. Moja imeandikwa 1000, nyingine 5000, nyingine mikrogramu 25, nyingine imechanganywa na kalsiamu, nyingine na K2, ya mwisho ni matone. Nimerudi nyumbani mikono mitupu. Miezi minane sasa mapaja yananiuma, kuinuka kwenye kiti ni mpaka nijisukume kwa mikono. Waliopitia haya, mlichukua ipi? Msinitajie kampuni, nitajieni kilichoandikwa kwenye chupa.

Mama Wawili
Hapo kwenye kujisukuma kwa mikono umenirudisha mbali sana, ndugu yangu. Mimi nilimeza dawa za maumivu mwaka mzima. Nyumbani wakaniona mvivu, kazini wakaniona nadeka. Siku moja nilikaa sakafuni kumvalisha mwanangu viatu, nikashindwa kunyanyuka. Mtoto wa miaka minne akanivuta mkono huku analia. Ndipo nikapimwa: 6.

Niliandikiwa D3 ya yuniti 50,000, kidonge kimoja kwa wiki, wiki nane. Baada ya hapo 2000 kila siku. Usitegemee muujiza wiki ya kwanza. Mimi ngazi zilianza kuwa nyepesi wiki ya sita hivi, maumivu ya mbavu yalichukua miezi. Na nilikuwa nameza pamoja na mlo mkubwa wa siku, wenye mafuta, kwa sababu vitamini hii hufyonzwa pamoja na mafuta. Mwanzoni nilikuwa nameza alfajiri na maji matupu.

Halafu rudi kwenye karatasi yako: hiyo 9 ni ya nanogramu au nanomoli? Si namba moja. Nanomoli unagawanya kwa 2.5 ndiyo upate nanogramu.

Sogea Tukae
Mama Wawili umeandika maisha yangu.

Mpita Njia
Mnajisumbua bure. Toka nje, kaa juani, mwili utatengeneza wenyewe. Babu zetu walimeza chupa gani?

Nesi wa Zamu
Mpita Njia, nakuheshimu, lakini usimwambie hivyo mtu mwenye 9 anayeshindwa kuinuka. Ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi juani kutengeneza kiasi kilekile. Anayejifunika mwili mzima hapati, na anayekaa nyuma ya kioo cha dirisha hapati kabisa, maana mionzi inayofanya kazi hiyo haipiti kwenye kioo. Jua ni zuri, lakini shimo likishakuwa refu hivyo halijazwi kwa kuota jua la jioni. Na hao babu zetu, matege, ile miguu inayopinda kwa kukosa vitamini D, waliyajua, neno lenyewe ni la zamani.

Mpita Njia
Sijasema jua la jioni.

Kifungua Mimba
Sikutaka kuandika, ila nimeona hiyo 50,000 nimeshindwa kunyamaza.

Mama yangu ana miaka 71. Aliandikiwa dawa hiyohiyo, moja kwa wiki. Maelekezo alipewa kwa mdomo, haraka, dirishani. Mama tangu aanze dawa za presha anameza kila siku asubuhi, miaka mingi. Kwake dawa inayomezwa mara moja kwa wiki haipo, akaona wamekosea kuandika. Akakiweka kile kidonge pamoja na cha presha, kila asubuhi. Kwisha, akaenda kununua vingine. Dada yangu naye, kwa upendo, akamletea chupa ya 5000 "ya kuongeza nguvu". Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Ilianza kiu. Anakunywa maji usiku kucha, anaamka kukojoa mara sita. Tukasema kisukari, tukapima, sukari safi. Akafunga choo, akaacha kula, akawa anatapika. Wiki ya kumi nikaingia chumbani kwake akaniita kwa jina la kaka yake aliyefariki mimi sijazaliwa, akaniuliza kwa nini nimechelewa kurudi shambani. Nilijua mama ndio anaondoka. Ndugu wakaanza kusema ni uzee, akili imekwenda, tuzoee.

Aliyemuokoa ni daktari mmoja kijana sana. Alisema, "Nileteeni dawa zote anazotumia, na vifuko vyake, msichague." Nikamwaga mfuko mezani. Akahesabu vifuko vilivyo tupu, akanyamaza, akaita watu wa maabara. Kalsiamu kwenye damu ilikuwa 3.6, na kawaida haizidi 2.6 hivi. Figo zilikuwa zimeanza kulegea. Ile dawa ya presha nayo ilikuwa ya kundi la vidonge vya kukojoza vinavyozuia kalsiamu isitoke, kwa hiyo vyote vilisukuma upande mmoja. Wakamtundikia dripu mfululizo, wakasimamisha vidonge vyote vya D, baadaye wakampa steroidi. Tulilala wodini siku kumi na moja.

Siku ya nne aliniita kwa jina langu. Nilitoka nje nikalia.

Sogea Tukae
Nimesoma nimesimama. Pole sana.

Binti Mkubwa
Nimeacha kupika, nimempigia mama anisomee lebo ya chupa yake kwenye simu.

Mzee wa Dozi
Ndiyo maana nasema hizo 50,000 ni sumu, zipigwe marufuku. Na D bila K2 ni hatari, kalsiamu inaenda kuganda kwenye mishipa. Chukua yenye K2 tu, nimeitumia miaka mitatu, niko imara.

Nesi wa Zamu
Mzee wangu, taratibu. 50,000 kwa wiki ni kama 7,000 kwa siku, inatumika kwa muda mfupi chini ya uangalizi. Kilichomuumiza mama ni kila siku. Ila dozi za kupindukia kwa mpigo nazo si njia ya mkato: mwaka 2010 ulitoka utafiti wa Australia, wanawake wazee walipewa yuniti 500,000 mara moja kwa mwaka, wakaanguka na kuvunjika mifupa zaidi ya waliopewa kidonge kisicho na dawa.

K2: ushahidi kwamba lazima iambatane na D bado ni mwembamba. Na anayemeza warfarini kuzuia damu kuganda asiiguse bila daktari wake kujua, maana vitamini K hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Mzee wa Dozi
Mwembamba kwako. Mimi mishipa yangu naijua.

Nesi wa Zamu
Mishipa haisemi, mzee wangu. Pima.

Mama Kichanga
Tusisahau matone ya watoto. Mwanangu ananyonya maziwa yangu tu, nikaambiwa yuniti 400 kwa siku. Chupa ya kwanza 400 ilikuwa kwenye mililita nzima, dropa inajaa. Ya pili, 400 iko kwenye tone MOJA. Nikajaza dropa kama nilivyozoea. Siku mbili! Nilipoisoma miguu iliisha nguvu. Mtoto alipimwa, yuko salama, lakini ile dropa niliivunja.

Figo Moja
Nyongeza fupi. Ini na figo ndivyo vinavyoibadilisha D ifanye kazi. Mimi mwenye figo mbovu naandikiwa alfakalsidoli, aina ya vitamini D ambayo imeshasogezwa hatua mbele. Jirani aliona inanisaidia akataka tugawane, nikamkatalia akanuna. Inapandisha kalsiamu haraka, si ya mtu mwenye figo nzima anayejaza akiba tu.

Daftari la Kijani
Nameza fenitoini ya kifafa tangu utotoni, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba inamaliza vitamini D. Nilivunjika kifundo kwa kujikwaa kwenye zulia. Za kifafa, rifampisini ya kifua kikuu, steroidi za muda mrefu: mkimezeshwa hizo ulizeni.

Sogea Tukae
Na D2, ile aina isiyotoka kwa mnyama, je? Mimi situmii kitu cha mnyama.

Nesi wa Zamu
D3 nyingi hutoka kwenye mafuta ya sufu ya kondoo, lakini ipo inayotoka kwenye kuvumwani, ule utando unaoota kwenye mawe na magome ya miti, tafuta hiyo. D2 nayo hufanya kazi, ila D3 hupandisha kiwango vizuri zaidi na hukaa muda mrefu.

Kiti Kirefu
Nimerudi na karatasi, ni nanogramu. Kwa hiyo 9 ni 9 kweli. Na nimegundua chupa ya "mikrogramu 25" na ya "1000" ni kitu kimoja, mikrogramu moja ni yuniti 40! Ningeweza kuzinunua zote mbili. Kesho narudi kwa daktari aniandikie dozi na siku, na anipime kalsiamu na figo kwanza.

Mama Wawili
Muombe na tarehe ya kurudia kipimo, kama miezi mitatu. Kabla ya hapo namba haijatulia. Mwambie pia kama unatumia chochote kingine, hata ile ya "nywele na kucha", nyingi zina D ndani.

Binti Mkubwa
Kifungua Mimba, mama sasa anaendeleaje?

Kifungua Mimba
Anashona tena. Kalsiamu ilichukua wiki sita kutulia, maana D hujificha kwenye mafuta ya mwili, hutoka polepole. Mwezi uliopita akaniambia, "Siku ile nilikuona ni kaka yangu, nikafurahi." Sikuwa na la kumjibu. Dawa zake sasa nazipanga mimi kila Jumapili, kwenye kiboksi chenye siku saba.