Ustawi wa jamii au saikolojia: nisome nini nihudumie wagonjwa wa akili?

Binti_Singida: Habari zenu wakuu. Nimemaliza kidato cha sita, HGL (historia, jiografia na Kiingereza). Kaka yangu anaumwa akili, na tulivyohangaika naye nyumbani ndiyo sababu nataka kazi hii. Lazima chuo cha umma, nategemea mkopo. Nawaza chuo cha afya Muhimbili, ustawi wa jamii Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), au Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama.

Nesi_wa_Wodini: Pole sana, mdogo wangu. Muhimbili iweke kando kwanza. Udaktari na uuguzi vinataka masomo ya sayansi kama PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na daktari wa akili husoma miaka 5, intern mwaka 1, kisha uzamili miaka 3. Ila wana uzamili wa saikolojia tiba. Vigezo vyake visome leo, kabla hujachagua shahada ya kwanza.

Afisa_Ustawi: Mimi nipo hospitali ya wilaya. Watu hudhani kazi yetu ni msamaha wa matibabu tu. Mgonjwa ametulia, daktari kamruhusu, ndugu hawaonekani. Anayewatafuta kwa simu ni mimi. Anayefika kijijini, akaketi na mwenyekiti wa kitongoji na wazee wa ukoo, akawaeleza kwamba hajarogwa na dawa zisikatizwe, ni mimi. Nyumbani wakimkataa, baada ya muda tunampokea tena. Kwa ulivyomtaja kaka, hapa ndipo pako. Taasisi ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973 na ustawi ndio mzizi wake. Mimi ningeanzia hapo. Kwenye ajira za halmashauri, aliyesoma UDSM naye anagombea nafasi zilezile.

Mtoto_wa_Fildi: Shikamoo Afisa. Nakubali, ila shahada yangu ya ustawi ilikuwa na vipindi vichache mno vya magonjwa ya akili. Nilichojua nilikipata fildi (mafunzo kwa vitendo) Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma. Ipo tangu 1927, na sehemu yake ya Isanga inapokea wanaoletwa na mahakama. Huko nilijifunza kumsikiliza mtu anayesikia sauti bila kubishana naye. Dada, chuo chochote utakachokwenda, pigania fildi ya namna hiyo.

Afisa_Ustawi: Marahaba. Hapo umesema kweli, vipindi havitoshi.

Binti_Singida: Asanteni, nitaomba kusoma ustawi. Fildi Mirembe naenda mwenyewe au kupitia chuo?

Mtoto_wa_Fildi: Chuo kikupe barua. Iombe mapema, nafasi huwahiwa.