Wakala anayekuuzia miji 10 ya Ulaya kwa treni ndani ya siku 14 anakuibia

Wakuu, habari za muda huu. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za viza. Hili ni jambo la peke yake na nina hasira nalo kweli.

Dada yangu na shemeji wamejinyima muda mrefu ili waje kutembea Ulaya. Mimi nipo Köln, Ujerumani. Hawakutaka kunisumbua, wakaenda kwa wakala wa safari hapo Dar, mtu mwenye ofisi, risiti na mhuri. Ratiba nimetumiwa hela yote imeshalipwa. Siku 14, miji 10, "yote kwa treni": Amsterdam, Brussels, London, Paris, Barcelona, Madrid, Lisbon, Roma, Venice, Vienna. Nikafika mstari wa siku ya tisa: asubuhi mnaondoka Lisbon, jioni mnaingia Roma. Kwa treni!

Hakuna treni ya hivyo. Lisbon mpaka Madrid tu, ambayo ni njia ya kwanza ya kutokea huko, inakula siku nzima na unabadilisha treni njiani, maana miji mikuu hiyo miwili haina treni ya moja kwa moja. Zamani ilikuwepo ya usiku. Ilisimamishwa Machi 2020 wakati wa korona na haikurudi. Na wakala ameiweka kwenye ratiba ya Madrid kwenda Lisbon, ameandika kabisa kwamba "mtalala humo, mtaokoa hela ya hoteli". Mtu amelipishwa kitanda kwenye treni ambayo haipo, na aliyemlipisha hakufungua hata ukurasa mmoja wa ratiba za reli kuhakikisha.

London nayo. Wote wawili wana pasipoti za Tanzania na viza ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) ya kuingia mara moja. Uingereza haimo Schengen, ina viza yake, na hiyo hawakuombewa. Hata wangekuwa nayo, wakishavuka kwenda London viza yao ya kuingia mara moja imekwisha kazi, hawarudi Paris. Hoteli ya London ilikuwa ya bei isiyorudishwa. Imeliwa. Nilipompigia wakala akanijibu kwamba wateja wake "wengi wanapita tu". Wapite wapi? Eurostar, treni ya kwenda London, unakaguliwa pasipoti kituoni kabla ya kupanda, na wanaokukagua ni pamoja na maafisa wa Uingereza.

Sasa niseme lile linalowaumiza watu wengi zaidi, yaani hii pasi ya Eurail, tiketi moja ya treni za nchi nyingi za Ulaya. Wanaiuza kwa maneno kwamba ukishalipa unapanda treni yoyote, popote, muda wowote. Si kweli, na wao wanajua. Treni za kasi, yaani TGV za Ufaransa, Eurostar, Frecciarossa za Italia na AVE za Hispania, pamoja na treni za usiku, huwezi kupanda na pasi peke yake. Lazima ubuku siti na uilipie juu ya pasi. Italia ni euro kumi na kitu, Eurostar inaweza kufika euro 30 na zaidi, kila mtu, kila safari. Eurostar na TGV zinazovuka mpaka zimetenga siti chache tu kwa wenye pasi. Zikiisha, treni inaweza kuwa na nafasi tele na wewe ukabaki chini. Kampuni kama Italo na Ouigo hazipokei pasi hiyo kabisa.

Dada alinipigia video akiwa Gare de Lyon, Paris, mwezi wa saba, kituo kimefurika. Mabegi yako miguuni, shemeji ameshika simu yenye ile msimbo wa pasi ameinyoosha kwa mhudumu. Mhudumu akaiangalia, akamrudishia, akageuza skrini wajionee wenyewe: treni ya Barcelona, siti za wenye pasi zimejaa, leo zimejaa na kesho zimejaa. Tiketi za kawaida zipo, kwa nauli kamili ya siku hiyo hiyo, ambayo ndiyo ghali kuliko zote. Wakalipa. Walikuwa na pasi ya mamia ya euro mkononi na bado wakakata tiketi upya. Dada yangu hakulia pale, alilia alipofika hotelini, na mimi sijamsamehe yule mtu mpaka leo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba pasi hiyo ina nchi zake. Ujerumani, Austria, Uswisi, Uholanzi na Ubelgiji, treni nyingi za ndani unapanda bila kubuku. Ukikosa ya saa nne unachukua ya saa tano. Huko pasi inalipa. Wakala akawapa pasi halafu akawapeleka Ufaransa, Hispania na Italia, kule kule inakobanwa. Naamini anafanya hivyo kwa sababu majina ya Paris, Barcelona na Roma yanauza, na kila mji unaoongezwa ni hoteli nyingine ya kumlipa kamisheni.

Watu wa nyumbani nao wanadanganyika kirahisi kwa sababu SGR imetuzoesha vizuri: tiketi moja, siti yako imeandikwa, unashuka Dodoma umemaliza. Huku Ulaya kila nchi ina shirika lake, mengine yana washindani kwenye reli ile ile, na hakuna dirisha moja linalokukatia safari nzima. Hilo nawalaumu wao wenyewe wa huku. Wanahubiri kila siku kwamba watu waache ndege wapande treni, halafu mgeni anatakiwa afungue tovuti nne kufika miji minne.

Halafu saa. Ratiba inasema Amsterdam mpaka Paris ni saa tatu na dakika 20. Ni kweli treni inatembea hivyo. Lakini hotelini unatolewa saa tano asubuhi, unaburuza begi hadi kituoni, unasubiri, unafika Gare du Nord, unatafuta metro, na chumba unapewa saa tisa mchana. Siku imekatika. Miji 10 ndani ya siku 14 maana yake karibu kila siku unahama. Umelipia Ulaya, unaangalia vituo vya treni. Na ndani ya Paris kwenyewe treni za Uholanzi na Ubelgiji zinaingia Gare du Nord, za Barcelona na Milan zinatokea Gare de Lyon. Ni vituo viwili tofauti, unavuka mji na mizigo. Wakala aliandika "mtaunganisha Paris" na kuwapa nusu saa.

Mimi naishi na treni za Ujerumani. Shirika la reli la huku, Deutsche Bahn, lenyewe lilitangaza kwamba mwaka 2024 treni zake za masafa marefu zilizofika kwa wakati ni asilimia 62.5, na kwao kuchelewa chini ya dakika sita hakuhesabiwi. Anayekupangia kubadilisha treni kwa dakika nane Frankfurt, na ile ya pili ndiyo ya mwisho kwa siku hiyo, hakutakii mema.

Mwenye siku 14 anaweza kusafiri vizuri sana. Miji minne, ukizidisha mitano. Chukua Berlin, Praha, Vienna, Budapest: Berlin hadi Praha ni saa nne na kidogo, Praha hadi Vienna kama saa nne, Vienna hadi Budapest chini ya saa tatu. Zote zina treni za moja kwa moja kila siku, na ukikata tiketi miezi miwili mitatu kabla mara nyingi kipande kimoja kinakuwa chini ya euro 40, huhitaji pasi kabisa. Nchi zote nne zimo Schengen. Ingia kwa ndege Berlin, ondokea Budapest, usirudi nyuma kufuata ndege. Anayetaka Paris na Italia aanze Paris, apite Zürich, ashuke Milan, amalizie Roma. Paris hadi Zürich ni saa nne, Zürich hadi Milan saa tatu na kitu kwa njia ya handaki la Gotthard, kilomita 57 chini ya milima, Milan hadi Roma saa tatu. Njia hiyo ya kuanzia Paris abuku mapema, asisubiri kufika. Viza aombe kwa nchi atakayolala siku nyingi zaidi. Mawakala wanaokupeleka kwa ubalozi wowote wenye nafasi ya karibu wanakutafutia kunyimwa, na euro 90 za maombi hazirudi.

Wenye ratiba za mawakala ziwekeni hapa kabla hamjalipa, futeni majina na namba za pasipoti kwanza. Nitazipitia mstari kwa mstari.

NYONGEZA: Mnaonidai nitaje jina, dada bado anadai hela ya London na ya ile treni ya Lisbon, nikitaja sasa nitamharibia. Na mkuu uliyepo Sweden ukauliza Interrail (pasi kama hiyo kwa wakazi wa Ulaya) au Eurail: wanaangalia unaishi wapi, hawaangalii pasipoti ya nchi gani. Una kibali cha kuishi huko, chukua Interrail, ila ndani ya Sweden itakupa safari moja ya kutoka na moja ya kurudi tu.