Je, kuchanga karata za mpinzani ni utovu wa adabu?

Mgeni wa Mashindano: Katika shindano la mchezo wa karata wa Magic: The Gathering, mpinzani alinikabidhi karata zake 60, nami nikazikata tu kwa heshima, lakini mwamuzi akanitaka nizichange. Je, nilikosea?

Mzee wa Meza: Ndiyo, ndugu. Katika ngazi ya ushindani, kuchanga karata za mpinzani ni wajibu, wala si kumshuku. Zifudikize, usizipinde, utazame pembeni. Kisha mwenyewe ana haki ya kuzikata mara ya mwisho.

Fundi Karata: Naongeza kwamba kuzigawa mafungu mafungu ni kuzihesabu tu, si kuzichanga. Mwaka 1992, wanahisabati Bayer na Diaconis walionyesha kwamba karata 52 huhitaji kupishanishwa (kuzigawa nusu mbili na kuziingiza zipishane) takriban mara 7 ili zichanganyike vizuri.

Mgeni wa Mashindano: Nami, mwamuzi aliponitaka nizichange, nilizipishanisha mara 2 tu! Asanteni.