Kodi ya pango ya minara ya simu kufungwa kwenye dola, ni haki au ni unyonyaji?

Wadau tujadili hili. Kampuni nyingi za simu kwenye nchi zinazoendelea zimeuza minara yao halafu zinaikodi hiyohiyo kwa mikataba ya miaka kumi na kuendelea. Kuuza sina shida nako, mnara mmoja kubeba antena za kampuni tatu ni afadhali kuliko kila mtu kusimamisha wake. Kinachonikera ni kodi kufungwa kwenye dola, yaani dola ikipanda na kodi inapanda, wakati mteja ananunua bando kwa hela ya nyumbani. Cheki Nigeria, naira ilivyoachiwa ipangiwe bei na soko Juni 2023 dola ikatoka kama naira 460 na mwaka uliofuata ikapita 1,500, kampuni ya simu ya MTN Nigeria wakafunga 2023 na hasara ya naira bilioni 137. Sio minara peke yake, madeni ya dola nayo yalichangia, ila kodi ya IHS, kampuni yenye minara wanayopanga, nayo ilipanda vibaya. Mimi nasema mdhibiti wa mawasiliano apige marufuku kodi ya dola.

Jibu: Mkuu unawaonea wenye minara. Wamekopa kwa dola, betri, sola na jenereta vyote vinaagizwa nje, sasa uwalipe kwa hela inayoyeyuka nani atakubali kujenga kijijini ambako mpangaji ni mmoja tu? Hii biashara faida yake iko kwa mpangaji wa pili na wa tatu. Ukipiga marufuku wataweka kodi kubwa tangu siku ya kwanza kujikinga, na anayelipa mwisho wa siku ni huyohuyo mnunua bando.

Mtoa mada: Sawa, hapo kwenye kujikinga umenibana, labda marufuku ni kali mno. Lakini Agosti 2024 MTN Nigeria na IHS walikaa mezani, mkataba ukasogezwa hadi 2032, sehemu ya dola ikapunguzwa na dizeli ikawekewa hesabu yake. Kumbe inawezekana! (Halafu kampuni mama yake, MTN Group, wakati huo ilikuwa na karibu robo ya hisa za IHS, yaani MTN analia kodi huku yeye ni mmojawapo wa wenye nyumba.) Betri ipande na dola sawa, dizeli ipande na bei ya dizeli sawa. Ila mlinzi analipwa kwa hela ya ndani, mwenye kiwanja hivyohivyo, fundi naye hivyohivyo, sasa nani anieleze kwanini hizo nazo zipande na dola?