Kusoma MAD-SLIP ya ELIZA: W'R, T'O na kumbukumbu inayokataa kulingana

mwanadunga (Kisumu)
Wakuu, salamu. Tunaihamishia ELIZA ya Weizenbaum, ile programu ya mazungumzo, kwenye Python, na tumeanzia kwenye msimbo asilia uliopatikana katika nyaraka za MIT mwaka 2021, si zile nakala za Lisp. Umejaa W'R, T'O, O'E, E'L na alama za dola. Masharti yanatupotea njiani. Halafu kuna kumbukumbu, MEMORY, inayohifadhi sentensi ya awali ili irudishwe baadaye: katika mazungumzo yaliyochapishwa 1966, neno BULLIES linajibiwa kwa kanuni ya nne ya MEMORY, yetu inatoa ya kwanza. Majibu mengine yote yanalingana. Kosa liko wapi?

fundi58 (Nakuru)
Msiitafute kama lugha moja. MAD ni lugha ya Chuo Kikuu cha Michigan, 1959. SLIP ni mkusanyiko wa fanksheni za kushughulikia orodha, ambao Weizenbaum mwenyewe aliuchapisha 1963.

Vifupisho ni herufi ya kwanza na ya mwisho: W'R ni WHENEVER, T'O ni TRANSFER TO, T'H ni THROUGH, O'E ni OTHERWISE, E'L ni END OF CONDITIONAL. Alama za dola hufunga maandishi, kama `$BUT$`. Kinachowapoteza nadhani ni mkato. `W'R sharti, T'O X` huishia mstari huohuo. Bila mkato, W'R hufungua fungu zima linalofungwa na E'L. Ukikosea hapo, mistari yote inayofuata inaingia chini ya sharti lisilo lake.

Nukta nayo ina kazi. `TOP.(L)` ni fanksheni, `KEY(I)` ni safu. Na katika `T'H LPA, FOR I=0,1,I.G.32` sehemu ya mwisho ni sharti la kusimama, si la kuendelea, kwa hiyo mzunguko unakwenda mara 33. Safuwima ya 11 ikiwa na R, mstari huo ni maelezo tu, urukeni.

biti36 (Kakamega)
Kwenye kumbukumbu, naona mmejaza sifuri mahali pa nafasi tupu. Neno la IBM 7094, kompyuta iliyoendesha ELIZA, lina biti 36, yaani herufi 6 za biti 6. HASH, fanksheni inayochagua kanuni, hupewa `BOT.(INPUT)`, seli ya mwisho ya sentensi. INVENTED hukatwa ikawa INVENT na ED, kwa hiyo kinachoingia ni ED na nafasi tupu nne.

Katika BCD, msimbo wa herufi wa mashine hiyo, kwa msingi wa 8, A hadi I ni 21–31, J hadi R ni 41–51, S hadi Z ni 62–71. Nafasi tupu ni 60. 00 ni tarakimu sifuri! Ondoeni biti ya juu kabisa, maana ni ya alama na kuzidisha hakuigusi, kinachobaki kiwe d, kisha:

`(d*d >> 34) & 3`

Ongezeni 1, hiyo ndiyo namba ya kanuni. Sentensi iliyohifadhiwa inaishia na HERE. Kwa nafasi tupu mbili ni 302551256060, inatoa 3, kanuni ya nne. Kwa sifuri ni 302551250000, inatoa 0, kanuni ya kwanza. Ndicho mnachokiona.

mwanadunga
Ni hilo kabisa, imelingana. Asante sana. Sasa tukitaka skripti (faili la maneno makuu na kanuni za majibu) ya Kiswahili, msimbo wenyewe unaguswa?

fundi58
Sehemu moja. Mkato, nukta na BUT vimeandikwa ndani ya programu kama vitenganishi, havitoki kwenye skripti. Badilisheni `$BUT$` iwe `$LAKINI$`: herufi sita, inajaa neno moja barabara. ISIPOKUWA isingeingia.

MEMORY hukubali neno kuu moja tu. Mimi ningechagua YANGU: mama yangu, rafiki yangu, kazi yangu. Ila ruwaza hupimwa baada ya neno kubadilishwa, kwa hiyo andikeni YAKO, na kwa kuwa kwetu nomino hutangulia, ishikeni kwa 1, yaani neno moja (0 ni maneno yoyote; namba za kulia ni nafasi za sehemu za ruwaza):

`(0 1 YAKO 0 = ULISEMA 2 YAKO 4)`

biti36
Na "mamangu" haitashikwa, kwa sababu ulinganisho ni wa neno zima. Wekeni `(MAMANGU = MAMAKO)` peke yake. Vitenzi ndivyo vigumu: "hanielewi" itarudi vilevile "hanielewi" msipoiandikia `(HANIELEWI = HAKUELEWI)`. Anzeni na vitenzi ishirini hivi vinavyotumika sana, kisha pitieni mazungumzo ya majaribio mkiongeza vinavyokosekana.