Naomba ushauri: mdahalo wa redio ya umma na serikali

Assalaam alaykum wenzangu. Niko Chake Chake, nasimamia mdahalo wa wanafunzi wa skuli yetu. Mada: chombo cha utangazaji cha umma kisiwe chini ya mkono wa serikali. Vijana wangu wako upande wa kukubali, na wamekwama kwenye pesa.

Kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinalinda uhuru wa maoni, hilo wanalijua. Lakini wapinzani watauliza: mshahara unatoka serikalini, huo uhuru utatoka wapi? Mkono mtupu haulambwi.

Nimewapa mfano wa BBC, yenye hati ya kifalme tangu 1927 na inayoendeshwa zaidi kwa ada ya leseni ya televisheni. Tabu ni kuwa kiwango cha ada hupangwa na serikali. Afrika Kusini, Rais huteua bodi ya SABC, shirika lao la utangazaji la umma, kwa ushauri wa Bunge. Naona hii inatufaa zaidi, maana ada hapa Pemba nani ataikusanya nyumba kwa nyumba?

Binti mmoja anasikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku, daftari mkononi, anaandika nani kasikika kwa sauti yake: waziri au mkulima wa karafuu. Nimelipenda wazo, ila nachelea litaitwa siasa.

Mliowahi kukaa chumba cha habari, tuanze na bodi au bajeti? Na lile daftari, apande nalo jukwaani?